Pampu Si Bomba

Mwaka jana, katika somo la uandishi, tuliagizwa kuandika maelekezo ya kazi moja ya mikono, kurasa mbili, kwa Kiswahili sanifu. Wenzangu wengi walikimbilia jikoni: pilau, chapati, maharagwe. Mimi nilieleza jinsi ya kubadilisha pampu ya maji ya gari nyumbani, kwa sababu gari la baba lilikuwa limelala uani kwetu siku ya nne likingoja kazi hiyohiyo. Karatasi ilirudi na alama 9 kwa 20. Neno pampu lilikuwa limekatwa kwa wino mwekundu mara 11, na juu yake, mara 11, limeandikwa bomba. Vitenzi vyangu, yaani legeza, chomoa na kaza, vilikuwa vimevishwa suti: "ulegezaji ufanyike", "uchomoaji ufuate". Pembeni palikuwa na maneno matatu: "Lugha ya gereji."

Nimekaa na karatasi hiyo kwa miezi. Sasa nasema waziwazi, na walimu wangu wanisamehe ukali: kilichokatwa kilikuwa sahihi, kilichoandikwa juu yake kingeweza kumuunguza mtu, na kosa kubwa lililokuwamo katika maelekezo yangu hakuna aliyeliona.

Msomaji ambaye hajawahi kufungua boneti avumilie kidogo. Injini hutoa joto jingi kuliko inavyoweza kulitumia. Maji yaliyochanganywa na kulanti huzunguka ndani ya kuta zake, hulibeba joto hilo hadi kwenye rejeta, hupozwa na upepo, kisha hurudi. Kinachoyasukuma ni pampu: gurudumu dogo lenye mapezi lililoshikwa na mhimili, na mhimili huo huzungushwa na mkanda unaovutwa na injini yenyewe. Pampu ikichoka, haifi kimyakimya. Beringi hulia. Ukishika puli yake na kuitikisa, inacheza. Chini yake kuna tundu dogo ambalo watengenezaji wameliacha makusudi, ili sili ya ndani ikiharibika maji yatokee hapo na mwenye gari ayaone. Asiyejua tundu hilo ni la nini atasema gari linatoa jasho, ataongeza maji, ataendelea na safari.

Baba aliongeza maji akaendelea na safari. Safari yenyewe ni ya Bujumbura kwenda Gitega, na aliyewahi kuipanda barabara ile anajua nasemea nini. Unaanzia ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, mita 780 hivi juu ya usawa wa bahari, na katika kilomita 40 hivi unafika Bugarama, juu ya mita 2,000. Ni kona juu ya kona, malori yanatambaa, vijana wa baiskeli wamejishikiza nyuma yake ili wavutwe hadi juu. Pwani maji huchemka kwenye nyuzi 100. Bujumbura huchemka kwenye 97 hivi; Bugarama ni kama 93. Maana yake ni kwamba mahali injini inapofanya kazi kubwa kuliko pote ndipo maji matupu yanapokuwa mepesi kuchemka. Ndiyo sababu mfuniko wa rejeta umetengenezwa ubane shinikizo: maji yaliyobanwa huchelewa kuchemka. Gari la baba lilichemka kona chache kabla ya Bugarama, taa nyekundu ikawaka, likarudi mjini nyuma ya lori, kwa kamba.

Sasa turudi kwenye neno bomba. Mwalimu wangu ana historia upande wake. Bomba tulilipokea kutoka Kireno, na huko lina maana ya pampu. Hata leo mtu akisema bomba la baiskeli tunaelewa anataka kujaza upepo. Lakini waliolipokea neno hilo hawakuliacha pale walipolikuta. Leo bomba ni mfereji unaotoa maji nyumbani, ni mrija unaoyapitisha chini ya ardhi, ni sindano ya daktari, na kwa vijana wa mjini ni kitu chochote kizuri. Ndani ya boneti kuna mipira miwili minene inayounganisha rejeta na injini, mmoja juu na mmoja chini, yenye maji ndani. Mwambie mtu yeyote asiye fundi aguse "bomba la maji" la gari, uone mkono wake utakwenda wapi.

Sikutaka kubahatisha, nikafanya jaribio. Jumamosi ya kazi nilimpa mdogo wangu, mwenye miaka 16, karatasi iliyosahihishwa, nikamwomba aifuate bila kuniuliza. Hatua ya kwanza katika maandishi yangu ilikuwa hii: "Legeza kidogo bolti za puli ya pampu kabla hujatoa mkanda." Ni hatua yenye akili, nami sikuibuni, nilifundishwa na mjomba. Mkanda ukiwa bado umekaza, unaishikilia puli isizunguke, na bolti zinakubali kwa spana ya kawaida. Ukitoa mkanda kwanza, puli itazunguka pamoja na spana yako mpaka jioni. Baada ya wino mwekundu hatua hiyo ilisomeka hivi: "Kabla ya uondoaji wa mkanda, ulegezaji wa bolti za bomba ufanyike." Mdogo wangu alitafuta bomba. Akaona mpira wa chini wa rejeta. Akatafuta bolti zake, akakuta kibano cha chuma, akakilegeza kwa koleo kwa utiifu wote wa mtoto aliyelelewa vizuri, kisha akavuta. Karibu lita 5 zilimwagika juu ya shati lake.

Injini ilikuwa imelala baridi tangu Jumanne, ndiyo maana leo tunacheka. Ingekuwa imetoka barabarani, maji yale yangekuwa karibu na nyuzi 90 na chini ya shinikizo, na hiki ninachokiandika kisingekuwa insha. Kwa hiyo nikisema tofauti ya pampu na bomba ni jambo la ngozi ya mtu, sitii chumvi.

Mjomba wangu, fundi wa Buyenzi, alikuwa amekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa akitutazama. Niseme jambo kuhusu Buyenzi, maana neno "gereji" pembeni mwa karatasi yangu lilikuwa linauelekea mtaa huo hata kama halikuutaja. Katika mji wa Bujumbura, Buyenzi ni mahali ambapo Kiswahili ni lugha ya nyumbani, lugha ya babu na bibi. Na ni mahali ambapo magari hufunguliwa na kufungwa mtaani, mbele ya milango, kuanzia asubuhi. Mambo haya mawili hayakukutana kwa bahati mbaya. Gari la baba lilishuka meli katika bandari ya Dar es Salaam, likavuka Tanzania nzima, na kila aliyeligusa njiani alizungumza Kiswahili. Vipuri vyake vinapita njia hiyohiyo. Mjomba husema pompi, kuruwa na motere, kwa sababu Kifaransa kilipita kwetu. Mwenzake wa Dar husema pampu, mkanda na injini. Wakiongea kwa simu wanaelewana baada ya dakika moja, pampu inapakiwa kwenye basi, na gari linapona. Sisi wa idara za Kiswahili, ambao tumesoma isimu miaka mitatu, tunauita mtaa huo mahali ambapo lugha huharibika.

Lakini sitaki nionekane naiabudu gereji. Gereji nayo ina makosa ya maneno, na mawili kati yake ndiyo yaliyoiua pampu yetu.

La kwanza ni neno maji. Yale yaliyomlowesha mdogo wangu yalikuwa na rangi ya chai kavu: kutu tupu. Kwa miaka miwili tulikuwa tunatia maji ya mfereji kwa sababu kila mtu, fundi, dereva na muuza mafuta, husema "tia maji". Jina la kipuri ni pampu ya maji. Kwa nini basi mtu atie kitu kingine? Kulanti inazuia kutu, inalainisha sili ya pampu, na inachelewesha kuchemka. Maji matupu hayafanyi lolote katika hayo matatu. Tulipoichomoa pampu, mapezi yake yalikuwa yameliwa, na mhimili ulicheza kama jino la mtoto. Hapa neno la kawaida, linaloeleweka na wote, ndilo lililopotosha, na mtaalamu wa istilahi angekuwa na kazi ya maana ya kufanya. Hakuna aliyeifanya. Tulikuwa tunakata pampu.

La pili ni themostati. Huyu ni mlinzi mdogo wa shaba na nta anayekaa mlangoni mwa njia ya maji. Katika injini ya gari letu, Probox ya 1.5, hufunguka kwenye nyuzi 80 hadi 84. Kabla ya hapo anayazuia maji yasiende kwenye rejeta ili injini ipate joto lake haraka. Fundi mmoja, si mjomba, alikuwa ameing'oa na kuitupa zamani, kwa hoja ambayo nimeisikia tangu utoto: hii ni ya nchi za baridi, sisi kwetu kuna joto. Hoja hiyo ina sura ya busara. Injini haijui uko Bujumbura au Oslo. Inajua nyuzi zake tu. Ikinyimwa themostati, kwenye tambarare na kwenye mteremko huendeshwa ikiwa baridi mno, husagika upesi, hula mafuta zaidi. Hula mafuta zaidi katika nchi ambayo watu hulala kwenye foleni ya mafuta! Sasa fikiri: fundi yule angesikia kila siku neno kama kidhibitijoto, lenye kazi yake ndani ya jina lake, angekuwa mwepesi wa kukitupa? Pengine angesita. Kwa hiyo sipingi maneno mapya. Napinga kubuni na kufuta maneno bila kwanza kutoka nje kwenda kuuliza neno lililopo linamfanyia nini mtu mwenye spana mkononi.

Nifike kwenye vitenzi, maana hapo ndipo hasira yangu ni kubwa zaidi. Sote tumefanya mtihani wa kauli ya kutendua. Funga, fungua. Ziba, zibua. Bandika, bandua. Pachika, pachua. Kunja, kunjua. Chomeka, chomoa. Tunaeleza kiambishi, tunapewa alama, tunasahau. Hakuna aliyetuambia kwamba tulichokuwa tunakariri ni sarufi ya ufundi. Vitabu vya Kiingereza vya matengenezo ya magari vikishaeleza namna ya kufungua, hukata maneno: kufunga ni kinyume cha kufungua, basi. Kwetu kinyume hicho kimo ndani ya kitenzi. Ukimwambia mtu "kila ulichochomoa uchomeke, kila ulichofungua ufunge, kuanzia cha mwisho", umempa nusu ya kitabu kwa sentensi moja, na mtoto wa darasa la nne anaishika. Lugha yetu imezaliwa na hazina hii. Halafu anakuja mwenye wino mwekundu anaandika "uchomoaji ufuate". Ufuate nini? Afanye nani? Kitenzi kimenyang'anywa mtu wake, kikafanywa nomino ya kikao cha kamati. Nimewasikia wenzangu wakilalamika kuwa Kiswahili hakifai kwa sayansi kwa sababu sentensi zake ni nzito. Nzito nani kazifanya?

Nao wanaosema hatuna istilahi za ufundi, nawaomba wanisomee aya ifuatayo wanionyeshe palipopungua.

Mkanda ukishatoka na altaneta ikasogezwa kando, pampu ya injini ile inashikwa na bolti 3 na nati 2. Ikitoka, gasketi ya zamani hubaki imeganda kwenye injini. Usiikwangue kwa bisibisi, kwa sababu injini ile ni ya alumini na mkwaruzo mmoja ni njia ya maji kuvuja. Tumia kijiti cha mti mgumu na kitambaa chenye mafuta kidogo, na uwe na subira. Pachika gasketi mpya. Anza bolti zote kwa vidole, ndipo ushike spana, ukikaza kidogokidogo kwa kupishana, upande huu na ule. Kipimo chake ni newtonmita 11, ambayo ni nguvu ndogo kuliko mkono wa kijana unavyotamani. Mjomba hana kipimo hicho. Husema: "Kaza mpaka ikatae, kisha muulize mara moja tu." Nimejaribu kuiboresha sentensi hiyo kwa Kiswahili cha chuo nimeshindwa. Anayekaza kwa hasira huvua uzi wa alumini, na hapo kazi ya saa tatu inakuwa ya wiki.

Wapo watakaoniambia hayo yote ni ya mafundi, wasomi tusiwanyang'anye riziki. Mjomba alicheka nilipomsomea hoja hiyo. Riziki yake haipotei kwa mteja anayejua. Inapotea kwa mteja asiyejua, ambaye huletewa pampu bandia, hung'olewa themostati, kisha hurudi kumlaumu fundi wa pili kwa dhambi za wa kwanza. Na wapo watakaosema kazi ya chuo ni kulinda usanifu wa lugha. Sawa. Mimi naulinda. Niliandika pampu, neno ambalo msomaji wa Tanga, Lubumbashi na Buyenzi atalielewa lilivyo. Usanifu unaomfanya msomaji avute mpira wa rejeta badala ya kulegeza puli unamlinda nani?

Sasa lile kosa langu. Tulipomaliza kufunga, nilichukua karatasi yangu ya awali, ile isiyo na wino, nikasoma hatua ya mwisho kwa majivuno: "Jaza rejeta, funga mfuniko, washa gari." Mjomba aliinuka kwenye ndoo yake. "Na hewa?" aliuliza. Sikuwa nimeandika neno hata moja juu ya hewa. Ukijaza mfumo uliokuwa mtupu, hewa hunaswa kwenye kona za injini, na palipo na hewa hapana maji. Ukifunga mfuniko na kuondoka, injini itachemka kwenye kona ileile ya Bugarama ikiwa na pampu mpya kabisa. Alinionyesha. Unaanza na injini baridi, mfuniko ukiwa wazi, hita ya ndani ikiwa kwenye joto la mwisho. Unawasha, unaminyaminya mpira wa juu, mapovu yanapanda, kiwango kinashuka, unaongeza kulanti, unangoja themostati ifunguke ndipo mapovu ya mwisho yatoke. Ukiacha kuona mapovu, unafunga. Na usiifungue tena mpaka imepoa, hata ukiona wivu wa kuchungulia. Kulanti iliyomwagika tuliiosha kwa maji mengi upesi, maana ni tamu na ni sumu, na jirani ana mbuzi.

Kurasa mbili zangu, basi, zilikuwa na pengo linaloweza kuharibu kichwa cha injini, na zilipita mikononi mwa mwalimu mwenye shahada kubwa akahesabu pampu 11 bila kuliona. Simlaumu kwa kutojua magari. Namlaumu kwa kusoma maelekezo kana kwamba si maelekezo. Angeuliza tu swali la mtu wa kawaida, "nikifanya hivi, gari litaondoka?", angenilazimisha nirudi kwa mjomba kabla ya yeye kutia alama. Hapo ningestahili 9, labda hata 6, na ningekuwa nimefundishwa kuandika.

Ninachoomba ni kidogo. Kazi ya maelekezo katika somo lile isahihishwe na mtu anayeifanya kazi hiyo huku maandishi yakiwa mbele yake. Aliyeandika juu ya pilau, mtu apike. Aliyeandika juu ya pampu, apewe gari baridi, beseni na mdogo wake. Mwalimu akae kwenye ndoo, asikilize ni neno gani linasimamisha mkono, na hilo ndilo alikate.

Baba alipita Bugarama wiki iliyofuata, akateremka, akafungua boneti, akanipigia simu kuniambia kuwa chini ya pampu pamekauka. Karatasi iliyosahihishwa ninayo, imelowa na ina kutu pembeni. Ile nyingine, iliyoongezwa mistari sita kuhusu hewa, mjomba ameibandika ukutani kwake. Amekata neno moja tu, mkanda, na juu yake ameandika kuruwa. Sikubishana.